Gundu au adhabu? Siri ya kupangiwa wapinzani katika magemu ya kupigana

Malalamiko yamerudi kwenye makundi ya wachezaji wa magemu ya kupigana, na safari hii yanazunguka jambo moja: foleni ya siri. Mtu anasubiri mpinzani dakika tano, anampata mmoja ambaye mtandao wake unakatakata, anapigwa au anakimbiwa, kisha anasubiri tena. Mwishowe anaamini kwamba kampuni imemtia alama kimyakimya na kumtupa kapu moja na wachomoaji, yaani wale wanaozima mashine au kuchomoa waya wa intaneti wakiona wanakaribia kushindwa. Anajibiwa kwa mkato: kama hujachomoa, unaogopa nini? Kwa maoni yangu pande zote mbili zinagombania mahali pasipo na ugomvi. Anayelia anadhani gemu linamchagulia ashindwe, na ushahidi wa hilo ni hafifu. Anayemcheka anadhani swali ni kama wachomoaji wanastahili adhabu, na hilo halina mjadala, wanastahili. Ninachokitilia shaka mimi ni usiri. Adhabu ambayo aliyeadhibiwa hajui kama anayo, kwa kosa gani na itaisha lini, haimrekebishi mkosaji. Na kwa sisi tunaocheza kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, inaweza kumwangukia asiye na kosa kwa wepesi uleule inavyomwangukia mwenye nalo.

Tuanze na kosa lenyewe. Katika gemu la vita lenye watu kumi kila upande, mmoja akiondoka wenzake wanaendelea. Katika gemu la kupigana mko wawili tu, na mmoja akiondoka hakuna mechi. Ushindi uliobakiza ngumi moja unayeyuka mbele ya macho yako, na hakuna wa kumlalamikia. Ndiyo maana kampuni zimehangaika na uchomoaji kwa zaidi ya miaka kumi. Mortal Kombat X ya mwaka 2015 iliugeuza kichekesho: mtu akikimbia, mhusika wake anapasuka kichwa palepale na aliyebaki anapewa ushindi. Killer Instinct, gemu la Xbox One lililotoka mwaka 2013, lilikuja kuwa na kitu kilichoitwa jela bila kupindapinda: aliyezidisha kukimbia alipangiwa wafungwa wenzake tu mpaka muda wake uishe. Street Fighter V ilitoka Februari 2016 bila kinga yoyote ya maana, wachomoaji wakapanda ngazi bila kupoteza pointi, hadi Capcom ikawaomba wachezaji wawarekodi kwa video ili iwashughulikie. Mimi mwenyewe nilichomoa mara moja zama hizo, usiku, nikiwa nimebakiza damu kama uzi dhidi ya mtu ambaye nina hakika alikuwa mtoto wa shule. Sijivunii.

Mifano hiyo ina ukali tofauti, lakini katika yote mkosaji anajua kilichompata. Kichwa kimepasuka, au ameandikiwa jela, au pointi zimepungua. Mwelekeo wa usiri ulipata nguvu nje ya magemu ya kupigana. Titanfall ya mwaka 2014 iliamua kwamba wanaokamatwa wakitumia programu za kudanganya watacheza na wadanganyifu wenzao, lakini angalau ililitangaza hilo hadharani. Novemba 2017 Valve ikaenda hatua mbele zaidi: ilisema Counter-Strike itapanga wachezaji kwa kipimo cha uaminifu, kinachoangalia mambo kama saa ulizocheza na mara ulizoripotiwa kwa udanganyifu. Kipimo kipo, ila alama yako huonyeshwi. Hapo mfumo unajulikana, hukumu ya mtu mmoja mmoja haijulikani. Hatua ya tatu ni pale ambapo hata uwepo wa mfumo haukiriwi, na hiyo ndiyo wachezaji wa magemu ya kupigana wanayoishuku. Nasema wanaishuku, kwa sababu tuhuma ya jambo la siri ina kasoro moja ya kuzaliwa: haithibitishwi wala haikanushwi.

Shuku hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 2017 watafiti, baadhi yao wakiwa wa kampuni ya magemu ya EA, walichapisha andiko lililopendekeza kupanga mechi kwa lengo la kumfanya mchezaji asiondoke, badala ya kulenga mechi iliyo sawa kwa pande zote mbili. Oktoba mwaka huohuo kampuni ya magemu ya Activision ilipewa hataza Marekani ya mfumo wa kumkutanisha mchezaji na mwenzake kwa namna itakayomtamanisha kununua vitu ndani ya gemu. Kampuni ikasema haijautumia katika gemu lolote. Mwaka 2020 wachezaji huko California waliishtaki EA wakidai kwamba gemu lake la mpira linabadilisha ugumu kwa siri. Walipopata nafasi ya kuzungumza na wahandisi wa kampuni, waliiondoa kesi mwaka 2021. Halafu mwaka 2024 Activision yenyewe ikaeleza katika andiko refu kwamba mapema mwaka huo ilikuwa imepunguza uzito wa uwezo katika kupanga mechi za Call of Duty kwa sehemu ya wachezaji wa Amerika Kaskazini, bila kuwaambia, ili ione kitakachotokea. Kilichotokea ni kwamba wachezaji wa kawaida, karibu wote isipokuwa wale wa juu kabisa, walirudi kucheza kwa uchache zaidi na wakakimbia mechi zaidi.

Jaribio hilo lina sura mbili, na wengi hushika moja tu. Kwa upande mmoja linavunja ile hadithi kwamba kupangiwa mtu wa uwezo wako ni hila ya kampuni. Ukiondoa kipimo cha uwezo, wanaoumia ni wanyonge. Kwa upande mwingine linathibitisha kwamba kampuni kubwa inaweza kubadilisha wapinzani wako kwa muda na usijue. Mtu aliyelalamika mwezi ule kwamba mechi zake zimebadilika huenda aliitwa mzushi na wenzake, na huenda alikuwa sahihi.

Hata hivyo, siwezi kumfuata mlalamikaji hadi mwisho wa njia yake. Mifumo ya ngazi tunayoitumia ni vijukuu vya hesabu za Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Marekani aliyezaliwa Hungary, ambazo chama cha chesi cha Marekani kilizikubali mwaka 1960 na FIDE, shirikisho la chesi la dunia, mwaka 1970. Kiini chake ni kwamba ukishinda unapanda, ukipanda unakutana na wakali zaidi, na mwisho unatua mahali unaposhinda takriban nusu ya mechi. Sasa chukua mtu aliyetua hapo na acheze mechi 100. Uwezekano kwamba katika mechi hizo atapigwa mara tano mfululizo, walau mara moja, ni karibu asilimia 81. Mara sita mfululizo bado ni zaidi ya nusu. Hakuna aliyemfanyia njama. Sarafu ikirushwa mara 100 hufanya hivyohivyo. Kama kila mfululizo wa kupigwa ni ushahidi wa mkono wa siri, basi karibu sote tuna huo mkono mabegani.

Kusubiri kwa muda mrefu nako kuna maelezo ya kawaida yasiyohitaji njama. Street Fighter 6 iliyotoka Juni 2023 na Tekken 8 iliyotoka Januari 2024 zote zinakuonyesha ubora wa mtandao wa mpinzani kabla hujakubali mechi, pamoja na alama ya kama anatumia waya au Wi-Fi. Huko ng'ambo mtu anaona vijiti viwili na alama ya Wi-Fi, anakataa, anasubiri mwingine. Simlaumu, ningefanya hivyo pia. Ila ina maana kwamba foleni yako ndefu inaweza kuwa imetengenezwa na wachezaji wenzako mia wanaobofya hapana, na si kampuni.

Ninapata nafasi ya kuyaona haya kwa karibu katika kibanda kimoja cha gemu nisichokitaja jina, chenye mashine mbili na feni moja. Mwenyewe ana akaunti tatu na daftari la kuziandikia nywila. Jioni moja vijana walikuwa wanalalamika kwamba akaunti ya kwanza imekufa, haipati watu. Nikachukua simu nikapima. Kwa akaunti hiyo tulikaa dakika sita na sekunde kadhaa ndipo mpinzani akapatikana. Tukatoka, tukaingia kwa akaunti ya pili, mashine ileile, bando lileile, na ndani ya sekunde arobaini mtu akaja. Kibanda kikalipuka kwa shangwe, ushahidi huo! Nami nikakaribia kushangilia, hadi nilipoangalia ngazi. Akaunti ya pili ilikuwa chini sana, kule ambako watu ni wengi saa zote, na ya kwanza ilikuwa juu ambako watu ni wachache. Je, ilikuwa adhabu au ngazi? Hatukuweza kujua. Tungejaribu mara hamsini bado tusingejua, kwa sababu skrini inasema tu kwamba inatafuta. Mwenye kibanda alikuwa na jibu lake, akaandika kwa kalamu nyekundu pembeni ya akaunti ya kwanza: ina gundu.

Hapo ndipo penye uzito wa suala hili. Hesabu ikishafungiwa kabatini, mchezaji aliyeadhibiwa, mchezaji anayesumbuliwa na umbali na mchezaji mwenye siku mbaya wote wanaona kitu kilekile. Watatu hao wangehitaji ushauri tofauti kabisa: mmoja aache kuchomoa, mwingine anunue waya, wa tatu aende kulala. Badala yake wote watatu wanapata gundu.

Tuje sasa kwenye ushahidi unaotumika kumhukumu mtu, maana hapa magemu ya kupigana yana ugumu wake wa pekee. Picha huchorwa 60 kwa sekunde, kila moja ikikaa milisekunde kama 16.7. Mashine za wachezaji wawili hutumiana amri moja kwa moja, na tangu Tony Cannon, mmoja wa waasisi wa Evo, mashindano makubwa ya magemu ya kupigana, alipoanza kutengeneza GGPO, programu ya kuchezea mtandaoni, mwaka 2006, njia iliyokuja kutawala ni ya kubashiri. Mashine yako haisubiri amri ya mpinzani ifike. Inabashiri kwamba ataendelea kufanya alichokuwa akifanya, na amri halisi ikija tofauti, inarudi nyuma picha chache na kuchora upya. Ni ufundi mzuri sana, ndio uliotuwezesha sisi wa mbali kucheza hata kidogo. Lakini fikiria mpinzani anapoacha kutuma chochote. Mashine inabashiri, inabashiri, inasubiri, kisha inatangaza kwamba amepotea. Kwa nini amepotea? Amechomoa waya, au bando limeisha, au umeme umekatika, au mdogo wake amekanyaga swichi. Kutoka upande wa pili ukimya wote una sauti moja.

Tarehe 25 Agosti 2023, Ijumaa usiku, umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Kila aliyekuwa katikati ya raundi Nairobi au Kisumu wakati ule alionekana, kwa mpinzani wake, kama mchomoaji. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi jirani. Kwa siku kadhaa mtu angeweza kucheza kwa uungwana wote na bado rekodi yake ikajaa mechi zilizokatika. Na hayo ni matukio makubwa yaliyoingia kwenye habari. Kukatika kwa dakika kumi kwa mtaa mmoja hakuandikwi popote, ila kwenye rekodi ya mchezaji kunaandikwa kama kukimbia.

Mtetezi wa mfumo atasema kampuni haziangalii tukio moja bali kiwango, yaani mechi ngapi zimekatika kati ya ulizocheza. Ni jibu zuri, na kwa mchezaji wa Osaka linatosha. Kwake mechi inayokatika ni ajali ya nadra, kwa hiyo anayekatika mara kwa mara ana jambo lake. Kwetu kiwango cha kukatika kinapima gridi ya umeme na kampuni ya simu kabla hakijampima mtu. Ukiweka mstari mmoja kwa dunia nzima, umeweka mstari unaopita katikati ya wachomoaji huko na katikati ya wananchi wa kawaida huku.

Kuna la pili, nalo sijaona likisemwa sana. Adhabu ya kutengwa haina uzito mmoja kila mahali. Ukimtenga mchomoaji wa Tokyo, bado atapata watu, kwa sababu mji una wachezaji wengi na miongoni mwao wachomoaji ni wengi vilevile. Atacheza na wenzake, watakimbiana, wataelewana. Ukimtenga wa Mwanza, umemtenga na nani? Umbali kutoka Dar es Salaam hadi London ni karibu kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya kebo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi tu ni milisekunde 75, zaidi ya picha nne, na hiyo ni kama kebo ingenyooka kama rula, jambo ambalo kebo haifanyi. Wapinzani wa karibu ni wachache tangu mwanzo. Toa kwenye uchache huo wale wasio na alama, ubaki na walioadhibiwa peke yao, na kinachobaki kinakaribia sifuri. Kampuni itakuwa imeandika kwenye mfumo wake kwamba mtu huyu amepunguziwa kipaumbele. Kiuhalisia itakuwa imemfungia, bila kusema neno hilo na bila tarehe ya kufunguliwa.

Na la tatu ni kibanda chenyewe. Mifumo hii imejengwa kwa dhana kwamba akaunti moja ni mtu mmoja. Vibandani akaunti moja ni mtaa mzima. Asubuhi anacheza mtoro wa shule anayezima mashine akipigwa, jioni anakuja fundi wa gereji mtulivu ambaye hajawahi kukimbia mechi maishani, na analipia saa yake kwa pesa yake. Adhabu ikishaingia, wanagawana.

Sasa hoja ya kutetea usiri, na nitachukua iliyo na nguvu kwanza. Ukiwaambia watu mstari uko wapi, watatembea juu yake. Mchomoaji akijua kwamba mechi tano zilizokatika kati ya mia hazina madhara, atazitumia zote tano, na atazihifadhi kwa ajili ya mechi anazoshindwa. Anayedanganya kwa programu akijua ni kipi kilichomkamatisha, kesho anakuja na programu nyingine. Hii si nadharia tupu. Kila anayeendesha mfumo wa kuzuia udanganyifu hujilinda hivyo, na sioni namna ya kumlazimisha aweke fomula yake hadharani. Pia kuna hoja ya aibu: alama ya uchomoaji ikionekana na wote, itageuka kuwa fimbo ya kuwapigia watu, na wengine watazomewa kwa sababu tu ya mtandao mbovu. Naikubali hiyo pia.

Lakini hoja zote mbili zinatetea kuficha kipimo, hazitetei kuficha hukumu. Mwalimu hatoi maswali ya mtihani kabla ya siku, na hakuna anayemlaumu. Akigoma kurudisha karatasi zilizosahihishwa, akakwambia tu urudie darasa bila kukuonyesha alama, hapo mzazi anakwenda shuleni. Kampuni inaweza kabisa kubaki na fomula yake na bado ikamwandikia mchezaji, yeye peke yake: mechi zako nyingi zimekatika katika wiki mbili zilizopita, kwa hiyo hadi tarehe fulani utapangiwa wapinzani wa kundi dogo, ukimaliza mechi kadhaa bila kukatika, muda utapungua. Mchomoaji hajafunuliwa siri yoyote hapo. Anachopata ni sababu ya kuacha. Mwenye mtandao mbovu anapata sababu ya kutafuta waya, au ya kukata rufaa akiwa na ushahidi kwamba mji wake ulikuwa gizani.

Hoja dhaifu ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba asiye na kosa hana cha kuogopa. Ukiikagua, inategemea mfumo unaoweza kumtambua asiye na kosa, na tumeona kwamba mashine inasikia ukimya tu. Ndugu yake ni ile inayosema seva ni zao, watapanga wanavyotaka, hutaki acha. Mtu huyo huyo hangeikubali hoja hiyo kwenye daladala. Ukishalipa nauli, kondakta akikushusha njiani unamuuliza kwa nini, na akijibu kwamba gari ni lake, abiria wote watakuwa upande wako. Gemu jipya la aina hii likitoka Marekani huuzwa kama dola 60 au 70. Huku hiyo ni pesa ya kufanyia mambo mengine mazito, na sehemu kubwa ya kilichonunuliwa ni kukutana na watu.

Sheria inaanza kusogea huko, ingawa kwa mwendo wa konokono na kwa mlango wa pembeni. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika kikamilifu Februari 2024, inazitaka huduma za mtandaoni zinazomshusha mtu au kumpunguzia mwonekano zimpe sababu. Mwaka huohuo mahakama ya Amsterdam iliamua dhidi ya mtandao wa X katika kesi ya mtumiaji aliyefichwa kimyakimya kwenye utafutaji bila kuelezwa. Sheria hiyo imeandikwa kwa ajili ya maneno na picha wanazoweka watu, si kwa ajili ya mechi za Tekken. Kwetu, kifungu cha 35 cha sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 kinampa mtu kinga dhidi ya uamuzi unaofanywa na mashine peke yake pale unapomwathiri kwa kiasi kikubwa, na Tanzania nayo ina sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 inayogusa maamuzi ya namna hiyo. Wakili yeyote ataniuliza: kukosa mpinzani ni kuathirika kwa kiasi kikubwa? Kwa wengi wetu, hapana. Ni jioni iliyoharibika tu.

Kwa wachache ni zaidi ya jioni. Mkenya Sylvia Gathoni, maarufu kama Queen Arrow, aliingia timu ya kimataifa mwaka 2018 kwa kucheza Tekken akitokea Nairobi. Mwaka 2019 Arslan Ash wa Pakistan alishinda Evo Japan na kisha Evo ya Las Vegas, akauambia ulimwengu kwamba nyumbani kwao kuna wengine wakali wasiojulikana. Walikuwa hawajulikani kwa sababu walikuwa wakicheza wao kwa wao. Kijana wa Temeke asiye na viza wala nauli ya ndege ana njia moja ya kuonekana, nayo ni ngazi ya mtandaoni. Ngazi hiyo ndiyo wasifu wake wa kazi. Ikiwa imewekewa kizuizi ambacho hakijui, atafanya mazoezi miezi sita kutafuta kosa kwenye vidole vyake.

Walio wengi hawatafanya mazoezi miezi sita. Watafungua akaunti mpya. Hilo ndilo tokeo la usiri ambalo kampuni zingepaswa kulichukia kuliko zote, kwa sababu mtu mwenye uwezo wa juu akianza upya chini, anakutana na wanaojifunza na kuwapiga kama ngoma hadi wanaliacha gemu. Mchomoaji wa kweli anafungua akaunti mpya bila kujutia, asiye na kosa anafungua kwa hasira, na wote wawili wanakuwa wamejifunza somo moja: akaunti ikianza kusumbua, itupe.

Juzi nilipita tena kile kibanda. Daftari limefikia akaunti ya tano. Tatu zimeandikwa gundu kwa kalamu nyekundu, na mwenyewe alikuwa anamuuliza mteja mmoja kama ana barua pepe ambayo haitumii.